Ziwa Lilifungwa, Tope Halikufungwa

Boti ya abiria ya Kibirizi, mjini Kigoma, kwenda Mwamgongo haina haraka. Inapakia watu, unga, madumu, kreti za soda na mabati, kisha inashika njia ya kaskazini huku ikiukaribia ufuko kiasi kwamba waliokaa upande wa kulia wanaweza kuhesabu nyumba za kila kijiji. Mimi hukaa upande huo makusudi. Nimeipanda boti hii tangu utotoni nikienda kwa baba mdogo, na kila safari nasubiri jambo lile lile: mahali milima inapobadilika rangi.

Kutoka mjini hadi kupita Mtanga, miteremko ina mihogo, michikichi na vichaka. Penye mwinuko mkali udongo mwekundu uko wazi, umechanwa na mifereji ya mvua. Halafu, ghafla, msitu unaanza na kushuka mpaka kwenye kokoto za ufukweni. Hapo ni Hifadhi ya Gombe. Boti inaendelea kupita mabonde yaliyofunikwa, Kakombe, Mitumba, na hifadhi inapoisha unaingia Mwamgongo, mashamba yanaanza tena.

Jua linalowaka juu ya Mtanga ndilo linalowaka juu ya Gombe. Upepo ni ule ule, na maji ni ya ziwa moja. Kinachotofautiana ni milima tu. Kwa mtu anayetaka kujua viumbe wa Ziwa Tanganyika wanamalizwa na nani, binadamu au mabadiliko ya asili, sijui mahali pazuri pa kuuliza kuliko kipande hiki cha ufuko.

Kisa ninachotaka kukichambua kilianza tarehe 15 Mei 2024. Siku hiyo Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, katika mpango wa pamoja na nchi nyingine tatu zenye ziwa hili: Burundi, Kongo na Zambia. Sababu iliyotolewa ilieleweka na kila mtu: dagaa na migebuka wanapungua, waachwe wazaane. Baba mdogo, aliyekuwa amevua zaidi ya miaka ishirini, alipandisha kipe chake, yaani boti yake ya kuvulia, nchi kavu, akazifunga taa zake za sola ndani ya gunia, akakaa. Ziwa lilipofunguliwa aliniambia kwa simu kwamba usiku wa kwanza wa giza walijaza mapema kuliko alivyokumbuka kwa muda mrefu. Alikuwa na furaha ya kweli. Na mimi nilifurahi, kwa kuwa nyumba ile inakula kwa dagaa, inasomesha kwa dagaa.

Kwa dagaa, kufunga ziwa kuna mantiki. Dagaa wa Kigoma si samaki wa kuzeeka. Anaishi mwaka mmoja hivi, anataga mayai mengi katikati ya maji, na akipata nafasi na chakula anaziba pengo lake upesi. Miezi iliyochaguliwa nayo inampa chakula. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma juu ya ziwa na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi hiyo, yamebeba rutuba iliyokuwa imezama. Upepo ukilegea, ziwa zima linayumba huku na huku kama maji ya beseni lililosukumwa, na kuchanganyika kunafika mpaka kwetu. Rutuba inalisha mwani, mwani unalisha vijidudu, vijidudu vinalisha dagaa, na dagaa ndiye chakula cha mgebuka. Kumwacha dagaa kipindi hicho ni kumwacha mezani.

Tatizo ni kwamba meza yenyewe inapungua. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, hakuna linalolizidi duniani isipokuwa Baikal, lakini hewa ya kupumua samaki iko kwenye tabaka la juu tu, kama mita 100 upande wetu wa kaskazini na zaidi ya hapo kusini. Chini ya hapo hakuna samaki anayeishi. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na kuelea juu ya yale ya chini, mithili ya mawese juu ya mchuzi, na upepo unahitaji nguvu kubwa zaidi kuyachanganya. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20 kutokana na joto hilo, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilisoma mabaki ya samaki na konokono katika tope la chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, ikakuta kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla uvuvi mkubwa haujaanza miaka ya 1950. Walikadiria pia kwamba tangu 1946 eneo la sakafu ya ziwa lenye hewa limepungua kwa asilimia 38.

Nilipomsomea baba mdogo habari hizi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe si sisi peke yetu." Nilielewa nafuu aliyoisikia. Kwa miaka mingi mvuvi ndiye anayenyoshewa kidole katika kila mkutano: macho ya nyavu ni madogo, taa ni nyingi, kokoro halijaachwa. Mengi kati ya hayo ni kweli. Juya la kokoro linaloburutwa mpaka ufukweni linazoa vifaranga na kuvuruga viota vya mchangani, na limepigwa marufuku kwa sababu nzuri. Lakini kumbebesha mvuvi mzigo wote wakati maji yenyewe yanapata joto si haki. Na joto hilo, ingawa linatufikia kama jambo la asili, kama jua na upepo, sehemu kubwa yake imetokana na moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hazijawahi kuonja dagaa wa Kigoma. Ndiyo maana siukubali ule mgawanyo wa vitabuni, sababu za asili safu hii, sababu za binadamu safu ile. Hapa kwetu zimeshikana.

Hadi hapo nimezungumzia samaki wa katikati ya ziwa. Wako wengine, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Karibu na miamba ya ufukweni wanaishi samaki ambao wataalamu huwaita siklidi, ndugu za sato na perege. Kuhe tunayemla Kigoma ni mmoja wao, na ndiye mkubwa kuliko siklidi wote duniani. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za jamii hii, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Wengi ni wadogo, hawafiki sokoni, hawana jina kwa muuza samaki. Kuna wanaolea mayai na watoto ndani ya mdomo wa mama. Kuna wanaotaga ndani ya makombe ya konokono. Kuna wanaoishi kwa kula magamba ya wenzao. Wale wa kukwangua mwani kwenye mawe hawavuki mchanga. Kwao ghuba ya mchanga au mdomo wa mto ni ukuta, kwa hiyo kila kipande cha miamba kimejitengenezea rangi zake: hapa weusi wenye mkanda, kule wa kijani, ng'ambo ya mto wekundu. Ukiwapoteza wa ghuba moja, huwezi kuwaazima kutoka ghuba ya pili.

Mwezi Machi 2025, mwaka uliofuata kufungwa kule, boti ilisimama Kasekela, ndani ya hifadhi, kushusha abiria wawili. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Niliinama ukingoni na kuangalia chini. Maji yalikuwa na ukungu kidogo tu, mawe yakaonekana moja moja, na juu ya jiwe lenye ukubwa wa jiko la mkaa samaki sita au saba wa urefu wa kiganja walikuwa wameinamisha vichwa, wanakwangua. Kwangua, rudi nyuma, kwangua. Mmoja alikuwa akimfukuza mwenzake kila alipokaribia upande wake wa jiwe.

Tulipofika Mwamgongo, kijijini kwa baba mdogo, nikashuka na kwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa kijito. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo ilienda mbali ziwani kabla ya kukutana na buluu. Siku ya tatu, maji yalipotulia, nilivua viatu nikaingia mpaka magotini na kupitisha kidole juu ya jiwe. Jiwe safi la ziwani linateleza, lina utando wa kijani. Hili lilikuwa na vumbi laini la kahawia, kidole kikaacha mstari mweupe. Nafasi kati ya mawe, pale samaki wadogo hujificha na kulea, zilikuwa zimejaa tope hadi juu. Nilisimama pale nusu saa nikitafuta wanaokwangua. Niliona vifaranga viwili vya perege na kaa mmoja.

Nusu saa ya mtu mmoja si utafiti, lakini wenye kazi yao walishaifanya. Mwaka 1993 Cohen na wenzake walilinganisha maeneo ya ziwa yanayopokea tope jingi na yale yenye maji safi, wakakuta aina za samaki na za vijidudu vyenye magamba ni chache palipo na tope. Watafiti wengine waliopima samaki wa miamba katika ufuko wa Tanzania walikuta maeneo yaliyo kando ya hifadhi yana utajiri zaidi wa aina kuliko yaliyo kando ya makazi na mashamba, na kwamba walaji wa mwani ndio wanaoumia zaidi penye uharibifu. Gombe haikutengwa kwa ajili ya samaki. Ilitengwa mwaka 1943, Jane Goodall akafika Julai 1960 kuwachunguza sokwe, ikawa hifadhi ya taifa 1968, na muda wote huo miti iliyolindwa kwa ajili ya sokwe ilikuwa inashika udongo usiwaangukie samaki ambao hakuna aliyewafikiria.

Sasa niweke kalenda mbili pamoja. Ziwa lilifungwa kuanzia Mei hadi Agosti. Tope linaingia ziwani kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili. Katika miezi mitatu ya kufungwa, hakuna tone la mvua la kuzungumzia lililoshuka milimani. Samaki wa miamba hakupata chochote kutokana na kufungwa, isipokuwa pale palipokuwa na kokoro. Anayetaga mayai kumi na kuyabeba mdomoni hawezi kufidia hasara ya mwaka kwa miezi mitatu ya utulivu, na hata angeweza, jiwe lake la chakula lingefunikwa tena mvua zikirudi.

Kuna jambo zito zaidi, na sikulijua mpaka nilipokaa na baba mdogo jioni ile, tunakula ugali wa muhogo na mgebuka wa kuokwa.

"Baba, ile miezi mitatu uliishije?" nikamuuliza.

"Nilipanda juu, mwanangu," akasema, akaonyesha mlima kwa kidevu. "Mimi na wadogo zako. Tulifyeka ekari moja na ushee, tukachoma, tukangoja mvua. Ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Mei hadi Septemba ndio msimu wa kufyeka na kuchoma katika mkoa wetu. Kwa hiyo kanuni iliyompumzisha dagaa ilimpa mvuvi panga mkononi katika majira yale yale ambayo mlima unafyekwa. Ekari ile, ambayo kama angekuwa kwenye kipe chake ingebaki kichaka, Novemba ilikuwa uchi. Kila mvua iliposhuka, sehemu yake ilishuka nayo hadi kwenye jiwe nililopitisha kidole. Hii ni nyumba moja, na kuna wavuvi waliokwenda kufanya vibarua mjini au kukaa tu. Ila nilipotembea kijijini kesho yake sikuhitaji kuuliza sana. Mashamba mapya yanajulikana kwa visiki vyenye masizi.

Mlima haukuanza kufyekwa 2024. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 1,674,047 katika sensa ya 2002 na 2,470,967 katika ile ya 2022. Watu hao wanakula, wanapika, wanajenga. Kuni zinachemsha mawese, kuni zinakausha migebuka, mkaa unakwenda mjini. Kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na hifadhi hakina pa kwenda isipokuwa juu, na juu ni mwinuko wa Bonde la Ufa, ambao hata bila jembe ungetelemsha udongo. Baba mdogo aliniambia mvua inaletwa na Mungu, na tope limekuwepo tangu enzi za babu. Ana haki. Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka na limepata misukosuko mikubwa: katika vipindi vya kale vya ukame maji yake yalishuka kwa mamia ya mita, na hivi karibuni tu, miaka ya 2020 na 2021, yalipanda. Siklidi walipita katika hayo yote. Tena kutenganishwa na kukutanishwa tena na maji yanayopanda na kushuka ni sehemu ya sababu wamekuwa wengi hivi. Lakini mabadiliko makubwa yale ya kale yalichukua maelfu ya miaka, samaki wakahama jiwe kwa jiwe, kizazi kwa kizazi. Mlima unaovuliwa nguo ndani ya umri wa mtu mmoja hauwapi nafasi hiyo.

Wapo wanaosikia habari hizi na kutaka ziwa lisifungwe kabisa. Sikubaliani nao. Dagaa wanahitaji pumziko, na katika ziwa linalopata joto wanalihitaji zaidi kuliko zamani, kwa sababu samaki aliyepungukiwa chakula hastahimili kuvuliwa kama zamani. Kosa langu na la wengi lilikuwa kudhani kwamba ziwa likifungwa, ziwa zima linapona. Limepona tabaka moja, tena kwa kuuhamishia mlima sehemu ya mzigo. Kama miezi ile mitatu ingekuja na kazi ya kulipwa huko huko juu, kuchimba makingamaji, kupanga mawe, kupanda majani kwenye kontua, mistari inayokata mteremko, kuotesha miche kandokando ya vijito, wavuvi wangekuwa jeshi la kuzuia tope kabla ya Novemba. Mikono ipo, muda upo, na mlima uko mlangoni kwao.

Si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 marehemu Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe akaona milima ya nje ya hifadhi imebaki mitupu, na mwaka 1994 ulianza mradi wa Tacare, ulioanza na vijiji vyenyewe: miche, afya, maji, mikopo midogo, baadaye mipango ya matumizi ya ardhi na misitu ya hifadhi ya vijiji. Kilichonigusa zaidi katika historia hiyo ni visiki. Iligundulika kwamba mahali pengi hapakuhitaji kupandwa. Mizizi ilikuwa hai chini ya majivu, na ulipoacha kukata na kuchoma kwa miaka michache msitu ulirudi wenyewe. Leo ukikaa upande wa kulia wa boti unaona viraka vya kijani juu ya vijiji ambavyo nilipokuwa mtoto havikuwepo. Sheria nayo ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kijito kile cha chai ya maziwa kina mihogo mpaka kwenye ukingo wake, pande zote mbili.

Siku ya kuondoka nilipanda na baba mdogo kwenye ekari yake. Nilikuwa nimemweleza habari za samaki wanaokwangua, na hakusema mengi, ila alinichukua mpaka kwenye kona ya chini ya shamba na kunionyesha. Visiki kama kumi vya miti aliyoikata vilikuwa vimechipua mpaka kimo cha kiuno. "Nilitaka kuving'oa wiki ijayo," akasema.

Tulikaa tukahesabu ni vingapi vinaweza kubaki bila kuinyima mihogo jua. Vilibaki saba, vyote kwenye mstari wa chini, upande wa kijito. Kisha tukaanza kukusanya mawe na kuyapanga kati ya kisiki na kisiki, yeye akichagua makubwa, mimi nikijaza vipande. Tulifika nusu ya mstari. Upande wa Kongo mawingu yalikuwa yameshaficha milima, na honi ya boti ikalia ufukweni, ikabidi nishuke.